Usitupe Viraka: Mfarishi wa Rangi za Imbo na Somo la Maktaba

Mtu akisimama Buterere, kaskazini mwa jiji la Bujumbura, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, akaelekeza uso wake magharibi, ataiona nchi imepangwa tabaka kwa tabaka mfano wa vitambaa vilivyokunjwa kabatini. Juu kabisa ni anga, ambalo saa hiyo halina rangi ya kutajika. Chini yake ni milima ya Mitumba, ng'ambo ya Kongo, yenye zambarau iliyochanganyika na kijivu. Upande wa kusini-magharibi ni Ziwa Tanganyika. Kisha huja matete, kisha mashamba ya mpunga ya uwanda wa Imbo, na karibu na miguu yake ni udongo na vumbi la njia.

Mtu huyo huyo akigeuza uso wake atakumbuka jambo jingine ambalo Buterere inajulikana kwalo. Kwa miaka mingi taka za jiji zimekuwa zikiletwa na kumwagwa katika eneo hili. Katika taka hizo hazikosekani nguo: shati lililochanika ukosi, sketi iliyokwisha kwenye magoti, kitenge kilichofifia, na mabaki ya fundi cherehani yasiyozidi upana wa kiganja.

Makala haya yanahusu mambo hayo mawili, yaani rangi za nchi na nguo zinazotupwa, na namna mama wa nyumbani anavyoweza kuyakutanisha katika mfarishi mmoja wa viraka. Kadhalika yanahusu jambo la tatu, ambalo kwa mtazamo wa kwanza halina uhusiano wowote na sindano: historia ya maktaba. Msomaji atakayefuatana na makala haya hadi mwisho ataona kwamba mambo hayo ni ndugu.

NYUMBA YA ASKARI

Chukua mfano wa nyumba ya askari au polisi huko Buterere. Nyumba ya namna hii huhama. Mwaka huu iko Bujumbura, mwaka kesho barua ya uhamisho inaipeleka Gitega au Ngozi. Pengine baba peke yake ndiye anayekwenda mbali. Kuanzia mwezi Desemba mwaka 2007 askari wa Burundi walipelekwa Somalia kulinda amani, na maelfu ya familia zilijifunza kuhesabu miezi. Wengine waliorejea walikuta watoto wamewazidi kimo. Wengine hawakurejea.

Kila uhamisho una hasara yake. Vyombo hupakiwa haraka, na vile vinavyoonekana havina thamani huachwa. Nguo kuukuu ndizo za kwanza kutupwa. Mama huzitazama, akaziona ni matambara tu, akazitupa. Baada ya mwaka mmoja hukumbuka kwamba katika matambara hayo mlikuwamo kitenge alichokivaa siku ya ndoa, na shati alilolivaa baba siku ya kuagwa.

Wahenga walisema: usitupe mbachao kwa msala upitao. Mbachao ni mkeka wako uliochakaa, na msala wa mwenzio, hata ukiwa mpya, utapita na mwenyewe. Hekima hiyo ndiyo msingi wa kazi inayoelezwa hapa.

VIRAKA SI AIBU

Watu wengi huona haya wakisikia neno kiraka. Hudhani ni alama ya umaskini. Historia haikubaliani nao.

Kanga yenyewe, vazi linaloheshimiwa tangu Mombasa na Unguja hata mitaa ya Waswahili ya Bujumbura, ilizaliwa kwa kuunga vipande. Katika karne ya 19 wanawake wa pwani walinunua leso za mkononi zilizokuwa zikiuzwa zikiwa hazijakatwa. Wakazikata tatu tatu, wakaunga safu mbili, na leso sita zikawa vazi moja. Wafanyabiashara walipoona jinsi vazi hilo lilivyopendwa, wakaanza kulichapa likiwa kitambaa kizima. Mwaka 1887 Kaderdina Hajee Essak alifungua biashara yake Mombasa, na jina la "Mali ya Abdulla" linaonekana kwenye kanga mpaka leo. Kwa hiyo kila anayejifunga kanga, amejifunga kumbukumbu ya kazi ya viraka.

Nchini India, katika jimbo la Karnataka, wanaishi Wasidi, ambao wengi wa mababu zao walitoka Afrika ya Mashariki. Wanawake wao hushona mifarishi ya nguo kuukuu iitwayo kawandi. Huanzia ukingoni, wakazunguka pole pole kuelekea katikati, kipande juu ya kipande, mpaka mahali pote pamefunikwa. Kwenye pembe huweka vijipande vilivyokunjwa vinavyoitwa phula, maana yake maua. Mfarishi usio na maua hayo huhesabiwa kuwa uko uchi.

Wanaume nao wasicheke, wala askari wasidhani sindano ni ya wanawake peke yao. Huko Sudani, wafuasi wa Muhammad Ahmad, aliyejitangaza kuwa Mahdi mwaka 1881, walivaa vazi lenye viraka liitwalo jibba. Mwanzoni viraka hivyo vilikuwa alama ya kukinai na kuukana utajiri wa dunia. Baadaye vilishonwa kwa mpango, kushoto kukilingana na kulia, na jibba likawa sare ya jeshi lililopigana hadi Omdurman mwaka 1898.

Katika karne hiyo hiyo askari wa Uingereza walishona mifarishi mizito kwa mabaki ya sare za sufu: nyekundu, nyeusi, nyeupe na manjano. Wakuu wao waliwahimiza, kwa kuwa aliyeshika sindano jioni hakuwa na mkono wa kushika chupa wala karata za kamari. Mwaka 1856 mchoraji Thomas Wood alimchora askari aitwaye Thomas Walker, ambaye alijeruhiwa kichwani katika mapigano ya Inkerman mwaka 1854. Katika picha hiyo Walker yuko kitandani hospitalini, na mikononi anashona mfarishi wa vipande vya sare. Yule aliyevunjwa na vita anaunga vipande huku madaktari wakimuunga yeye.

RANGI ZA IMBO

Kazi ya viraka inaweza kufanywa bila mpango wowote, na bado ikafunika mtu baridi. Lakini mama anayetaka mfarishi wenye sura ya nchi yake hana budi kwanza kujifunza kutazama.

Jambo la kwanza la kujua ni kwamba vitu vya mbali hupauka. Mlima ulio karibu ni wa kijani, lakini mlima ule ule ukitazamwa kutoka mbali huwa wa buluu, na ukiwa mbali zaidi hukaribia kijivu. Hali hii inatokana na hewa iliyopo kati ya jicho na mlima. Kwa sababu hiyo vitambaa vilivyofifia kwa kufuliwa havina hasara hata kidogo. Hivyo ndivyo vinavyofaa kwa milima na anga. Vile ambavyo rangi yake bado ni kali vitumiwe chini, kwa vitu vya karibu.

Jambo la pili ni kutofautisha weupe na weusi wa rangi kabla ya kutazama rangi yenyewe. Njia ni rahisi: tandaza vipande sakafuni, rudi nyuma hatua nne, kisha fumba macho nusu. Vipande viwili vikionekana kama kimoja, hata kama kimoja ni kijani na kingine ni buluu, visiwekwe ubavu kwa ubavu mahali ambapo mpaka unatakiwa uonekane.

Mfarishi wa mtu mmoja wenye upana wa sentimita 150 na urefu wa sentimita 200 unaweza kugawanywa safu nane, kila safu miraba sita. Safu hizo zipangwe kama nchi inavyoonekana kutoka Buterere:

Safu ya kwanza ni anga la asubuhi. Hapa panafaa mashati meupe yaliyochoka na shuka za buluu hafifu.

Safu ya pili ni milima ya Mitumba. Zitafutwe nguo za kijivu na zambarau iliyofifia. Jina la milima hii litawachekesha watoto, kwa kuwa vipande vyenyewe huenda vikatoka katika nguo za mitumba zilizonunuliwa sokoni.

Safu ya tatu ni ziwa la mbali, buluu nzito. Tanganyika lina kina cha karibu mita 1,470, na katika Afrika nzima hakuna ziwa lenye kina kuliko hilo. Basi mama asiogope kuweka kitambaa chenye giza.

Safu ya nne ni maji ya ufukweni, mahali ambapo mto Rusizi, unaotoka Ziwa Kivu, unaingiza tope lake ziwani. Rangi yake ni ya chai ya maziwa.

Safu ya tano ni matete na michikichi, kijani kizito.

Safu ya sita ni mpunga mchanga, kijani kinachokaribia manjano. Vitenge vya maua madogo madogo vinafaa sana hapa, kwani shamba halina rangi moja.

Safu ya saba ni nyasi za kiangazi, kuanzia Juni hadi Agosti, mvua inapokuwa imekatika. Kaki ya sare ya mwanafunzi iliyopauka hutoa rangi hiyo barabara.

Safu ya nane ni udongo, wekundu na kahawia.

Anayetaka mandhari ya usiku anaweza kubadili ziwa likawa jeusi, na juu yake akashona vidoa vidogo vya manjano. Hizo zitakuwa taa za wavuvi wa ndagala, ambazo kila mkazi wa Bujumbura amezitazama usiku zikiwa zimejipanga majini kama mji mwingine.

KAZI YENYEWE

Kwanza, vitambaa vyote vifuliwe na kupigwa pasi. Kitambaa kinachochuja rangi kitaharibu vingine, basi kilowekwe peke yake na kusuuzwa mpaka maji yatoke meupe. Sehemu zilizolika sana zikatwe na kutupwa, maana kitambaa kilichooza hakishiki uzi.

Pili, katoni ngumu ikatwe mraba wa sentimita 27 kila upande. Huu ndio ukubwa wa kukatia. Sentimita moja ya kila upande itaingia ndani ya mshono, na mraba ukishashonwa utabaki na sentimita 25. Vipande visivyotosha mraba mzima viungwe kwanza viwili viwili au vitatu vitatu vya rangi za jamaa moja, kisha ndipo vikatwe kwa katoni. Inahitajiwa miraba 48.

Tatu, miraba sita ya kila safu iungwe, kisha safu ziungwe kuanzia juu kwenda chini. Mishono ya safu ya kwanza ilazwe kulia, ya safu ya pili ilazwe kushoto, na kuendelea hivyo hivyo, ili mahali pa kukutana pasiwe na uvimbe.

Nne, patayarishwe bitana. Vipande viwili vya kitenge au shuka kuukuu viungwe mpaka vifikie sentimita 160 kwa 210. Bitana itandazwe sakafuni, juu yake blanketi lililochakaa, na juu ya blanketi uwekwe uso wa viraka. Tabaka zote tatu zipigwe bandi, yaani zishikizwe kwa mshono mrefu wa muda, kuanzia katikati kwenda pembeni. Anayeanzia pembeni atajikuta na mkunjo katikati, na mkunjo huo hautoki.

Tano, tabaka hizo zidariziwe kwa mshono mfupi unaopenya zote tatu. Katika safu za ziwa mshono uende kama mawimbi. Katika mashamba uende mistari iliyonyooka kama matuta. Subana ivaliwe kidoleni, kwani blanketi ni zito. Mwisho bandi zifumuliwe, na ukingo uzungushiwe utepe wa kitambaa wenye upana wa sentimita 6 na urefu wa mita 7 na nusu.

Linafaa onyo moja kwa familia za askari na polisi. Sare ya serikali ni mali ya umma hata ikichakaa. Isikatwe bila idhini ya wakubwa wanaohusika, na alama za cheo zisitumiwe kabisa kuwa mapambo. Nguo za kawaida za baba zinatosha.

MIKONO IKISHONA, MASIKIO YASOME

Mama akimaliza miraba miwili tu kila jioni, miraba 48 itamchukua jioni 24. Muda huo wote mikono ina kazi, lakini masikio yamekaa bure. Hapa ndipo kitabu kinapoingia.

Mwaka 1865, katika viwanda vya sigara vya Havana nchini Kuba, wafanyakazi waliokuwa wakisokota tumbaku kutwa nzima walianza desturi ya kumweka msomaji. Yeye alikaa mahali pa juu akiwasomea magazeti na vitabu kwa sauti, nao wakamlipa kutoka mifukoni mwao. Wengi wao hawakujua kusoma, lakini walikuja kujua habari za dunia kuliko watu wengi waliosoma. Katika nyumba ya Buterere msomaji wa namna hiyo yupo tayari: ni mtoto wa darasa la tano au la sita. Kusoma kwa sauti mbele ya mama yake kutamzoeza matamshi na kumwondolea woga. Kitabu kikiwa cha Kifaransa, mkubwa mmoja afasiri kwa Kiswahili au Kirundi.

Asome nini? Hakuna habari inayopatana na mfarishi kama habari ya maktaba, kwa maana nazo zimeundwa kwa vipande.

Katika karne ya 7 kabla ya Kristo mfalme Ashurbanipal wa Ashuru, mtu wa vita aliyejisifu pia kwamba alijua kusoma, aliamuru maandishi yakusanywe katika mji wake wa Ninawi. Vitabu vya wakati huo vilikuwa vigae vya udongo. Mwaka 612 kabla ya Kristo Ninawi ulitekwa na kuchomwa moto. Moto ambao ungaliteketeza karatasi uliuchoma ule udongo ukawa mgumu kama tofali la tanuru. Vigae vilivunjika lakini maandishi yalisalia. Vilipofukuliwa katikati ya karne ya 19 vilipelekwa London, na leo vigae na vipande zaidi ya 30,000 vimo katika jumba la makumbusho la huko. Aliyevitia uhai alikuwa George Smith, ambaye hakusoma chuo kikuu. Alikuwa fundi wa kuchonga mabamba ya kuchapia noti za benki, na saa yake ya chakula cha mchana aliitumia kutazama vipande hivyo. Mwaka 1872 alisoma ndani yake habari ya gharika kuu. Mpaka leo wataalamu wanaendelea kutafuta kipande kipi kilikuwa jirani ya kipi. Fundi wa viraka yeyote anaifahamu kazi hiyo.

Karatasi nayo ni binamu wa mfarishi. Wachina, ambao kwa desturi humtaja Cai Lun wa mwaka 105 kuwa ndiye aliyeifanya sanaa hiyo kuwa bora, walitengeneza karatasi kwa magome ya miti, katani, matambara na nyavu kuukuu za wavuvi. Ufundi huo ulifika Baghdad katika karne ya 8, na baadaye ukaingia Ulaya. Kwa karne nyingi karatasi ya vitabu ilitengenezwa kwa nguo zilizochakaa. Watu maalumu walizunguka nyumba kwa nyumba wakinunua matambara. Mti haukuwa mama wa karatasi hadi karne ya 19. Tena karatasi nyingi za matambara zimedumu kuliko zile za miti zilizofuata, ambazo hugeuka manjano na kukatika. Mtoto akisoma habari hii, kisha akautazama mfuko wa mama yake, ataelewa kwamba vitabu vya kale vilianzia katika mfuko kama huo.

Kutoka hapo msomaji aende kwenye habari za karibu na askari. Kati ya mwaka 1943 na 1947 Marekani iliwachapia askari wake vitabu vidogo vya kuingia mfukoni mwa sare. Zilitolewa nakala zipatazo milioni 122, za vitabu zaidi ya 1,300 mbalimbali. Vilisomwa katika mahandaki, melini na hospitalini, vikapokezanwa mkono kwa mkono mpaka vikaisha.

Afrika ya Mashariki nayo ina historia yake. Tarehe 9 Desemba 1967 Mwalimu Julius Nyerere alifungua Maktaba Kuu ya Taifa mjini Dar es Salaam. Nchini Kenya, tangu mwaka 1996, ngamia walianza kubeba masanduku ya vitabu kuwapelekea wafugaji wa kaskazini-mashariki, mahali ambapo gari hukwama mchangani. Burundi imo katika mpango wa vituo vya kusomea na utamaduni vya nchi zinazotumia Kifaransa, vinavyojulikana kwa jina la CLAC, mpango ulioanza mwaka 1986 ili watu wa mikoani nao wapate vitabu. Familia iliyohamishiwa mkoani iulize kwanza kama kituo hicho kipo karibu, kabla ya kulalamika kwamba hakuna cha kusoma.

MALI BILA DAFTARI

Sasa linabaki swali lililo zito kuliko yote. Kuna tofauti gani kati ya lundo la taka na maktaba? Yote mawili ni mkusanyiko wa vitu vilivyotoka kwa watu wengi. Tofauti ni mpango na orodha. Katika karne ya 3 kabla ya Kristo, mshairi Kalimako aliandika orodha ya vitabu vya maktaba ya Aleksandria nchini Misri, na orodha hiyo peke yake ilijaza magombo 120. Maktaba ile imekwisha na hata orodha yenyewe imepotea ila vipande, lakini wazo lake limebaki katika kila maktaba duniani: kitu ambacho hakikuandikwa ni kama hakipo.

Waswahili wamelisema jambo hilo kwa maneno machache zaidi: mali bila daftari hupotea bila habari.

Kwa hiyo mfarishi wa viraka haujamalizika ukingo unapozungushwa. Mama anunue daftari la kawaida la shule. Achore humo miraba 48, aipe namba, na mbele ya kila namba aandike kitambaa kimetoka wapi. Namba 14: shati la baba, alilovaa aliporudi safari. Namba 31: kitenge cha bibi. Namba 40: kaki ya kifungua mimba, darasa la kwanza. Miongoni mwa vipande huenda kikapatikana kitambaa cha COTEBU, kile kiwanda kilichojengwa Bujumbura kwa msaada wa China mwishoni mwa miaka ya 1970, na ambacho kilisimama kazi katika muongo wa 2000 kabla mahali pake hapajachukuliwa na Afritextile. Wazee wanaokumbuka pamba ikivunwa katika uwanda wa Imbo watakitambua kwa kukipapasa tu. Nalo hilo liandikwe. Nyuma ya mfarishi, kwenye pembe ya bitana, ishonwe lebo ndogo yenye jina la mshonaji, mahali na mwaka.

Umuhimu wa kuandika huonekana siku mwenye nguo anapokuwa hayupo. Huko Gee's Bend, katika jimbo la Alabama nchini Marekani, kijiji cha Wamarekani Weusi kinachosifika kwa mifarishi, mwanamke aitwaye Missouri Pettway alifiwa na mumewe. Mwaka 1942 alizichukua nguo za kazi za marehemu, zilizochakaa kwa jasho la shambani, akazishona mfarishi ili amkumbuke na kujifunika kwa upendo wake. Kwenye kitambaa hicho madoa na sehemu zilizopauka bado zinaonekana. Mfarishi huo umepata heshima ya kuwekwa katika majumba ya sanaa, na unajulikana ni wa nani na ulishonwa kwa nini, kwa sababu binti yake aliyemsaidia kushona aliisimulia habari hiyo. Laiti asingaliisimulia, ungalikuwa nguo kuukuu zilizoungwa, basi.

Katika nyumba za askari na polisi kuna masanduku ambayo hayajafunguliwa tangu msiba. Mjane haoni nguvu ya kuzivaa nguo zile, wala ya kuzigawa, wala ya kuzitupa. Hakuna mtu wa kumharakisha. Siku atakapokuwa tayari, ajue ipo njia ya nne. Watoto waliokuwa wadogo mno kumkumbuka baba yao watalala chini ya shati lake, nalo likiwa anga la asubuhi juu ya milima ya Mitumba, na daftari litawaambia lilikuwa shati gani.

Uwanda wa Imbo una desturi ya mafuriko. Mwezi Aprili mwaka 2020 Rusizi uliifunika Gatumba, na watu walitoka majumbani wakiwa na vile walivyoweza kubeba mgongoni tu. Katika saa kama hiyo mtu hana nafasi ya kuchagua. Mfarishi hukunjwa mara moja, ukafungwa kwa kanga, daftari likiwa ndani, na familia ikaondoka na kumbukumbu zake pamoja na kitu cha kuwafunika watoto usiku.

Kesho asubuhi, kabla ya kuupeleka mfuko wa matambara jalalani, mama wa Buterere na aumwage kwanza sakafuni. Avitenge vile vya buluu mbali na vile vya kijani, kisha atoke nje alitazame ziwa, arudi ndani, na kukata mraba wa kwanza.